Sindano Ilipogeuka kwenye Mwamba wa Fransisi

Mmeniomba niwaandikie tulivyokuwa tukifanya kazi ya kutoboa mawe ya mchanga huko ziwani. Nilikuwa nakataa. Halafu wiki iliyopita mmoja wenu akaja kwangu hapa Ilemela, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, akataka nimwone anavyopima. Akaweka dira juu ya jiwe la uani, akainama, na simu iko kwenye mfuko wa shati. Mfuko wa shati, jamani! Sindano ikacheza, yeye akaandika. Nikamwambia nisomee, akanisomea namba bila hata aibu. Alikuwa amepima simu yake. Basi nikaona heri niandike, kabla hamjajaza madaftari.

Kwa wale ambao hamjaanza, kazi yenyewe ni hii. Zamani sana, kabla ya kiumbe chochote chenye miguu, mchanga ulitua chini ya maji. Ndani yake mlikuwa na punje ndogondogo za chuma, vumbi la kutu tu. Zilipotua zilielekea kaskazini ya siku hizo, kila punje kama sindano ya dira. Mchanga ukagandamana ukawa jiwe, punje zikabaki zimeelekea vilevile hadi leo. Sisi tunatoboa jiwe, tunatoa kipande kinene kama kidole gumba, tunachora mstari wa kuonyesha kilikuwa kimekaaje mwambani, tunakipeleka maabara. Kule kinapashwa moto kidogokidogo mpaka usumaku mpya utoke na ule wa kale ubaki, kama unavyofua kanga mara nyingi rangi ya juu ikachuja. Kinachobaki ndicho tunachokitafuta. Na yako mawe yanayoonyesha kaskazini ilikuwa kule tunakoita kusini. Daktari Lugoye aliponieleza hilo mara ya kwanza nilipata kizunguzungu, nikashika meza. Nilikuwa nimeamini kwamba angalau kaskazini haihami.

Daktari Lugoye ndiye aliyenifundisha. Mimi niliingia kwake kama mpishi wa kambi, binti wa Nansio, nimemaliza shule na sina pa kwenda. Siku moja nikiwa napeleka chai nikaona fundi amechora mshale juu chini. Nikasema, "Daktari, huyu amelipindua jiwe." Fundi akanuna wiki nzima. Daktari akanipa kalamu, na sikurudi tena jikoni. Wala msidhani nilikuwa na akili sana. Msimu huohuo nami nilichora mishale kumi na miwili kichwa chini, Daktari akanisimamisha kwenye jua mpaka nikaichora yote upya huku akila karanga.

Mashine ya kutoboa aliishika Masalu, Msukuma wa Kisesa, mtu wa miraba minne na maneno mengi. Sheria ya kwanza ya Daktari ilikuwa kuvua vyuma: saa, funguo, kisu, mkanda. Masalu alivua mkanda, akawasha mashine, na mashine ile ilikuwa inatikisa mwili mzima. Suruali ikaanza kushuka. Hawezi kuiachia mashine, hawezi kuishika suruali, anapiga kelele, "Sabina, geuka! Geuka nakwambia!" Tangu siku hiyo alifunga suruali kwa kamba ya katani. Fanyeni hivyo hivyo.

Mengine ya kazi ni haya. Gonga jiwe kabla hujatoboa: likiitika kwa sauti nzito, ya chini, limeshikamana na mwamba, likilia kama chungu kitupu, limeporomoka kutoka juu, na mwelekeo wake hauna maana yoyote. Usisahau maji, maana ncha ya almasi ikikauka inakufa. Na pima kwa njia mbili siku zote, kwa dira na kwa jua. Sahani ya jua ni kitu chepesi tu, kibao chenye kijiti kilichosimama katikati. Unaangalia kivuli kimeangukia wapi, unaandika na saa. Dira inaweza kudanganywa na chuma. Kivuli hakijali umevaa nini.

Na ogopeni radi. Kwa maisha yenu, ndiyo, lakini hata kwa kazi. Radi ikipiga mwamba inafuta usumaku ule wa kale na kuandika wake kwa nguvu, na ukipitisha dira hapo sindano inageuka. Inakaa hivyo miaka na miaka. Mahali pa namna hiyo Daktari alikuwa akipita na kusema, "Hapa radi ilishaandika kabla yetu," na tunahama.

Sasa niwaambie habari ya mwamba wa Fransisi, ambayo sijawahi kuieleza yote.

Hapa Mwanza majabali yetu hayakutokana na mchanga. Ya mchanga yako ng'ambo, pwani ya magharibi, upande wa Kagera, genge refu limesimama juu ya ziwa. Tulipiga kambi kwenye kijiji kimoja cha huko, siwatajii jina. Migomba na mikahawa mpaka ukingoni, halafu genge, halafu maji. Chini ya genge kulikuwa na mwamba umetokeza kama baraza, mzuri kweli, na juu yake mawimbi ya mchanga wa kale yamegandia, unayaona kabisa, unaweza kuyahesabu kwa vidole vya mguu. Daktari alipouona alikenua meno. Lakini hapakuwa na njia iliyokanyagwa ya kuuendea. Mbuzi walikula majani mpaka hatua kama ishirini kabla ya kufika, wakakoma, na majani ya mbele yake yalikuwa marefu hayajaguswa. Chini mawimbi yaliingia kwenye matundu ya mwamba yakatoa sauti ya watu wanaozungumza chumba cha pili. Unasikia kabisa kwamba ni maneno, ila hupati hata moja.

Na katikati ya baraza ile palikuwa na katambuga. Jozi moja, ndara za tairi, zimeelekea ziwani.

Mama mwenye nyumba tuliyopanga ndiye aliyetueleza. Alikuwa anaitwa Ma Yustina (huko mwanamke wa heshima ni Ma, mwanamume ni Ta), mjane, mwanamke mrefu asiyepoteza maneno. Katambuga zile zilikuwa za mumewe, Fransisi, na hakuna aliyethubutu kuziondoa. Miaka minne nyuma Fransisi na mdogo wake Deo waligombana juu ya mpaka wa kibanja cha baba yao. Wakateremka genge wakiwa bado wanabishana, mvua kubwa ikaja. Deo akarudi peke yake, amelowa, hasemi. Fransisi alikutwa siku tatu baadaye majini chini ya mwamba, na baada ya siku tatu ziwani mwili hauwezi kueleza kitu. Wengine walisema radi, maana siku ile ilipiga kweli. Wengi walisema Deo.

"Yeye mwenyewe alisemaje?" nikauliza.

"Alisema 'sijui'. Mpaka leo anasema 'sijui'."

Hilo ndilo lililowaudhi watu. Wangemwelewa angekana, wangemwelewa angekiri. Wakamtenga. Hakuna aliyempa moto, hakuna aliyemsalimu, na kahawa ya kutafuna, ambayo kwa Wahaya hata mgeni wa dakika mbili anapewa, yeye hakupewa. Kanisani alikaa benchi la nyuma peke yake. Nilimwona akipita na mzigo wa majani, mtu mwembamba, anatembea ukingoni mwa njia hata kama njia haina mtu. Ma Yustina akamtazama mpaka akapotea kwenye migomba. Kisha akasema, "Mimi nataka kitu kimoja tu. Nataka kujua kama ninamchukia mtu bure."

Mnaona basi nilivyoingia.

Kabla ya safari ile mama yangu alikuwa amenipa kinga. Nansio radi imeua watu wetu wawili, naye hakucheza na jambo hilo. Alikwenda kwa mganga, akaleta kijiwe cheusi kizito kuliko ukubwa wake, kimeshonewa kwenye kitambaa, kimefungwa kwenye uzi wa shanga za kiunoni. "Hiki kilishapigwa," akaniambia. "Kilichopigwa hakipigwi tena." Nilicheka, nikakitupia kwenye begi. Mimi mtu wa maabara! Kilikaa begini wiki mbili nzima.

Asubuhi tuliyopangiwa kushuka kwenye mwamba wa Fransisi, Daktari aliamka na homa akapelekwa zahanati ya mbali. Tukabaki mimi na Masalu. Mawingu yamekaa ziwani, na wale wadudu wa ziwa wamepanda kutoka majini kama moshi, nguzo tatu nne nyeusi zinatembea polepole juu ya maji. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa. Nikarudi ndani, nikafungua begi, nikajifunga ule uzi chini ya nguo. Kisha nikavua saa, nikavua hereni, nikamkagua Masalu vyuma vyote. Mimi hakunikagua mtu. Na hata Daktari angekuwepo, nani angemuuliza binti wa watu amefunga nini kiunoni?

Tulitoboa vipande saba. Hatukugusa katambuga. Jua likatokea kidogo, nikapima kwa sahani, nikapima kwa dira, nikaona namba zimeachana mbali. Nikapima tena. Zimeachana zaidi. Kila nikiinama karibu na katambuga zile sindano inaondoka mahali pake, inageuka taratibu kama mtu aliyeitwa jina lake. Wiki mbili tulikuwa tumepima miamba yote ya pwani ile na namba hazijawahi kugombana.

"Masalu," nikasema, "radi ilipiga hapa."

"Ngoja Daktari arudi," akasema Masalu.

Na mimi nikangoja? Sikungoja. Nilipanda genge mbio nikamwambia Ma Yustina. Alinisikiliza, akaweka kisu chake cha kumenyea ndizi chini, akatoka. Saa moja haikupita, wazee wa kijiji wakawa wamesimama juu kwenye majani marefu, hawataki kusogea. Mmoja tu, mwenye fimbo, alishuka mpaka kwenye mwamba. Nikamwonyesha dira. Nikamweleza kwa majivuno yangu yote kwamba sindano hii haina ndugu wala adui, inasema kilichopo. Nikaiweka karibu na katambuga, nikainama juu yake ili nimwelekezee kwa kidole. Sindano ikatembea. Mzee yule akafanya ishara ya msalaba, akageuka akawaambia wenzake kwa Kihaya maneno mafupi. Ma Yustina akakaa chini palepale kwenye majani akaanza kulia kwa sauti, na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia mtu mkubwa.

Walipoondoka Masalu aliokota dira iliyobaki mwambani. Akaitazama sana.

"Sabina, mbona sasa imetulia?"

"Imeshasema," nikamjibu. Hilo ndilo jibu nililompa, na nilikuwa nalipwa kwa kazi ya kupima.

Mchana ule Deo aliitwa nyumbani kwa Ma Yustina. Alisimama mlangoni hajui kama aingie. Yule mzee mwenye fimbo akamnyooshea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Deo akachukua punje mbili, akazitia mdomoni, hakutafuna, akasimama nazo tu shavuni huku machozi yanamtoka. Watu wakapiga vigelegele. Na mimi nikapewa mkungu wa ndizi.

Kesho yake, kwenye saa nne hivi, nilikwenda kuoga. Nikafungua uzi wa kiunoni, nikauweka juu ya meza ya vifaa kwa kuwa hapakuwa na pengine pakavu. Dira ilikuwa mezani wazi. Sindano ikageuka mpaka ikakielekea kile kijiwe, ikabaki hapo. Nikakisogeza kushoto, ikakifuata. Nikakisogeza kulia, ikakifuata. Maji ya kuoga yalipoa na mimi bado nimesimama na kanga, nakisogeza kijiwe cha mama yangu huku na huku.

Sikusema. Nyinyi mngesema? Nilikifunga ndani ya soksi na soksi ndani ya sufuria, nikanyamaza mpaka tukarudi Mwanza. Nilinyamaza miezi. Nilikuwa na tumaini moja tu, kwamba vile vipande saba vikipimwa vitaonyesha radi kweli, na uongo wangu utageuka kuwa kweli bila mtu kujua. Jiwe lililopigwa na radi maabara linapiga kelele, namba zake zinaruka mara kumi ya jirani zake.

Havikupiga kelele. Daktari alivipasha moto kimoja kimoja, na vyote saba vikatoa mwelekeo mmoja mtulivu, uleule wa miamba mingine ya pwani. Hakuna chochote kilichovigusa tangu mchanga ulipotua. Daktari akafungua daftari langu, akaweka kidole kwenye namba za dira, kisha kwenye namba za jua.

"Kivuli kiko sawa. Dira imepotea. Siku hiyo ulivaa nini, Sabina?"

Nikalia, nikamweleza yote. Nilidhani atanifukuza. Akaomba akione kijiwe, akakizungusha vidoleni, akasema ni jiwe la chuma, na kwamba mawe ya namna hiyo huwa sumaku yakipigwa na radi. Mganga hakumdanganya mama yangu hata kidogo. Halafu akavua miwani.

"Basi Deo alimuua," nikasema.

"Nani kasema? Radi inaweza kumrusha mtu bila kuacha alama pale mlipotoboa. Inaweza kupiga maji. Jiwe lile halijui habari za Fransisi. Halikujua ulipolisemea, na halijui sasa." Akafunga daftari. "Hili tumelirekebisha kwa kivuli. Wale watu utawarekebisha mwenyewe."

Kwa hiyo, vijana, andikeni namba zote mbili hata zikigombana, na hasa zikigombana. Na mtu wa kijijini akikuuliza unapima nini, mwambie unapima mchanga, halafu funga mdomo. Mimi makosa ya daftari nimeyafanya mengi na yote yamefutika. Hili moja nilipanda nalo meli.

Nilifika kijijini alasiri. Ua wa Ma Yustina ulikuwa umebadilika: paa limeezuliwa na kuezekwa upya, mikahawa imepogolewa, kahawa imeanikwa kwenye mikeka. Deo ndiye aliyekuwa akiigeuza kwa mikono. Alikuwa amenenepa kidogo. Ma Yustina alinikumbatia, akasema yule ndiye mwanamume pekee aliyebaki kwenye nyumba ile na anafanya kazi za wawili, na kwamba nisithubutu kuondoka kabla sijala. Akaingia jikoni. Aliimba humo ndani. Sikuwahi kumsikia akiimba.

Nikachuchumaa kwenye mkeka aliokuwa Deo, nikaanza kugeuza kahawa nami, natafuta pa kuanzia. Yeye akanitangulia. Hakuinua macho.

"Dada, nilikuwa nakungoja. Nilijua utarudi siku moja." Akageuza kahawa. "Ile sindano ilisema kweli?"

Nilikuwa nimelikariri jibu tangu Mwanza. Nilikuwa nalo mdomoni. Ndani Ma Yustina alikuwa akiimba, na huyu mtu amesimamisha mikono, hata hapumui. Niliona wazi kwamba hakuwa ananijaribu. Hakujua. Miaka yote aliposema "sijui" alikuwa akisema kweli tupu, na katika dunia nzima kitu pekee kilichowahi kumwambia lolote ni ile dira yangu.

"Ilisema kweli, Ta Deo," nikasema.

Akashusha pumzi ndefu, ndefu sana, mpaka mabega yakashuka. Akatikisa kichwa, akatabasamu kama mtu aliyeamka kwenye homa.

"Asante. Mwanga nauona. Mwanga mweupe, halafu niko kwenye mvua peke yangu, basi, sina kingine." Akaviangalia viganja vyake, vimejaa vumbi la kahawa. "Lakini hii mikono inakumbuka kumsukuma. Nitaiambia inyamaze sasa."

Ma Yustina akatoka na sinia la ndizi na samaki, akalitua kwenye mkeka, akaenda kuchukua jagi la maji na beseni. Akapiga goti mbele ya shemeji yake, akamnawisha yeye kwanza, taratibu, kidole kwa kidole. Kisha akanigeukia mimi, nikanyoosha mikono.